Sentimita 62

Jumamosi iliyopita sahani ninayoishusha ziwani kwa kamba kupima uangavu wa maji ilipotea machoni kwenye sentimita 62. Jumamosi ya kabla yake ilipotea kwenye 118. Kati ya siku hizo mbili ilinyesha mvua moja tu, ya usiku wa Jumatano, na ziwa letu likapoteza karibu nusu ya mwanga wake. Nimetembea na namba hiyo kichwani wiki nzima. Nikikata kitambaa naiona, nikitunga uzi naiona. Ndiyo maana leo nimefunika cherehani mapema, nikae niiandike.

Mliozoea kusoma habari zangu za mishono mnivumilie. Leo ni habari za maji.

Kushona kunapinda mwili. Nimekaa mbele ya cherehani miaka 22, na mwili umeifuata sindano: shingo imekwenda mbele, mabega yamepanda, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku. Miaka minne iliyopita tabibu wa viungo alinishika mabega, akayabonyeza, akaniambia nitafute zoezi la kufungua kifua, tena nje kwenye hewa, siyo chumbani. Ziwa liko mwendo wa robo saa kutoka ninaposhonea. Nilikuwa nalipita karibu kila siku bila kulitazama.

Nikaanza kwa kutembea. Njia ya kulizunguka ni kilomita 4 na ushei. Saa kumi na mbili asubuhi ni ya wakimbiaji, pamoja na bibi mmoja anayetembea kinyumenyume kwa ajili ya magoti yake, mkono mmoja ukipapasa ukingo. Baada yao wanakuja wenye baiskeli. Jioni ni ya watoto, wapenzi na wavuvi wa ndoana. Hao wavuvi nimewapenda kuliko wote, maana wanaweza kukaa saa nzima wakitazama kiboya kimoja, na ukiwasalimu wanakuitikia bila kugeuza shingo.

Upande wa mashariki njia imeinuka kama tuta. Nilidhani ni ardhi ya tangu mwanzo, mpaka nilipoambiwa kwamba ni tope la ziwa lenyewe, lilichotwa miaka mingi nyuma kina kilipokuwa kimepungua, likalundikwa pale. Baadaye nikasoma kwamba jambo hilo ni la kale mno. Mwaka 1089 mshairi Su Shi alipelekwa Hangzhou, China, kuwa gavana, akalikuta Ziwa Magharibi la mji ule limesongwa na majani na tope. Akaagiza lichimbwe. Tope lililotoka likajengewa tuta la karibu kilomita 3 linalokatiza ziwa, na watu wanatembea juu yake mpaka leo. Tangu nijue hayo, kila nikipita kwenye tuta letu nakumbuka kwamba nakanyaga sakafu ya ziwa.

Kwenye gati yuko Mzee anayekodisha mitumbwi na kayaki. Asubuhi moja alinisimamisha.

"Mama, mwezi wa pili huu unatuzunguka tu. Utaingia lini?"

"Sijui kuogelea vizuri, Mzee."

"Hiyo ndiyo kazi ya hili," akainua jaketi la kuokoa maisha. "Njoo kesho mapema, maji yakiwa bado yamelala."

Nilikwenda. Kabla ya kunipa kafi alinifunga jaketi yeye mwenyewe, akalivuta kwa nguvu mabegani kuona kama litapanda hadi masikioni. Lilipanda. Akakaza mikanda, akavuta tena, likatulia. Kama mshonaji nililielewa jambo lile mara moja: nguo iliyolegea haimshiki mtu, na hii ndiyo nguo pekee ambayo kulegea kwake kunaweza kuua. Kisha akanipeleka kwenye maji ya kiunoni akaniambia nipinduke makusudi. Mara tatu. Mara ya kwanza baridi ilinishtua, nikavuta pumzi kabla sijataka, nikameza maji. Akanieleza kwamba mwili wowote ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi hufanya hivyo, na mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja mbili. Kwa hiyo dakika hizo usipigane na maji. Lala chali, liache jaketi likuinue, shika mtumbwi, ngoja pumzi irudi mahali pake, ndipo ufikirie la kufanya.

Kupiga kafi nilikukosea kwa wiki nzima kwa sababu nilitumia mikono. Nguvu inatoka kiunoni. Unageuza kifua, unachomeka kafi karibu na vidole vya miguu, na kiwiliwili kinapojirudi ndicho kinachosukuma chombo. Macho yasitazame kafi, yatazame mbali, kwenye mti au jengo unaloliendea. Hapo nikashika, kwa sababu mkasi uko vivyo hivyo: anayetazama makali anakata kombo, anayetazama mwisho wa mstari anakata sawa. Mwezi wa tatu vidole vikaacha kufa ganzi.

Asubuhi ya kwanza niliyofika katikati peke yangu sijaisahau. Mji ulikuwa umenizunguka pande zote, majengo, taa za barabarani ambazo bado hazijazimwa, basi la kwanza likipanda mlima, lakini sauti zake zilinifikia zikiwa zimechoka. Mnandi alikuwa juu ya nguzo amefungua mabawa. Manyoya yake hulowa kweli, tofauti na ya bata, na kulowa huko humsaidia kuzama akifukuza samaki, ila baadaye inabidi ajianike. Karibu na matete palikuwa na kibisi, ndege mdogo anayezama bila hata kishindo na kuibuka mahali usipopatazamia. Nilijifunza kutomwendea moja kwa moja. Ukimlenga kwa omo la chombo anakimbia. Ukipita kwa ubavu, polepole, kana kwamba una safari zako, anaendelea na kazi.

Upepo wa ziwa la mjini una tabia yake. Unajibana kati ya majengo marefu, halafu unatoka kwenye mwanya ukiwa na nguvu ambayo sekunde moja kabla haikuwapo. Na mawimbi hukua kadiri upepo unavyopata nafasi ndefu ya maji ya kukimbilia, kwa hiyo ukingo unaotoka upepo huwa shwari na ule unaopokea huwa na fujo, hata kama ziwa ni dogo. Kanuni ya Mzee ni fupi: anza kwa kuupinga upepo ukiwa na nguvu, ili urudi nao ukiwa umechoka. Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja, niliivunja. Nilijiachia upepo wa mgongoni kwa raha, nikafika mbali, na nilipogeuza chombo wimbi likanikuta ubavuni. Nikapinduka mita kama 80 kutoka ukingoni.

Nililala chali. Nikashika kayaki. Pumzi ikarudi. Nilikuwa na hofu, lakini hofu ilikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu mikono ilikuwa imeshajua kazi yake. Nilipokuwa nasubiri Mzee anifikie nilinyoosha mkono mmoja chini ya maji kutafuta kafi, na nikaona kitu ambacho kimenikaa mpaka leo. Mkono wangu uliishia juu kidogo ya kifundo. Vidole vyangu, ambavyo kwavyo nakula na kulisha watoto, sikuviona. Vilikuwa ndani ya maji umbali usiozidi nusu mita kutoka machoni pangu, na maji yalikuwa yamevimeza.

Mzee alipofika alisema, "Hukuacha chombo. Vizuri sana, mama." Sikumjibu. Nilimuuliza kwa nini maji yako hivi. Akasema zamani hayakuwa hivi.

Nikaanza kuuliza. Kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyekuwa na kipimo, na katika kazi yangu jibu lisilo na kipimo ni kitambaa kilichoharibika. Ndipo nikakutana na habari za sahani ya Secchi. Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi, Mjesuti wa Italia na mtaalamu wa nyota, alipanda meli ya Papa kwenye Bahari ya Kati, akateremsha sahani ndani ya maji kwa kamba ili apime mwanga unafika wapi. Kina ambacho jicho linaipoteza sahani ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Zake zilikuwa za rangi moja. Mwaka 1899 Mmarekani George Whipple akaigawa sahani robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, ili jicho lipate kitu cha kushika, na wanaopima maziwa wengi wanatumia hiyo mpaka sasa, yenye upana wa sentimita 20.

Sentimita 20! Nilikuwa na mfuniko wa ndoo. Nikaukata kwa mkasi wa kazi nzito, nikaupaka rangi robo kwa robo, nikafunga kipande cha chuma chini yake ili uzame ukiwa umelala sawa. Kamba nilichagua isiyorefuka ikilowa, nikaijaribu usiku kucha ndani ya beseni. Kisha nikatandika tepu yangu ya kushonea sambamba nayo, na kila sentimita 10 nikashona alama kwa uzi mwekundu, kila nusu mita kwa uzi wa njano. Sijawahi kushona kitu nikiwa na furaha vile.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa juu. Bila miwani ya jua. Unainama upande wa kivuli wa chombo ili mng'ao usikudanganye, unashusha taratibu mpaka sahani ipotee, unasoma kamba. Unavuta taratibu mpaka itokee tena, unasoma kamba. Katikati ya hizo mbili ndiyo namba yako. Binti yangu ana miaka 11, na sasa yeye ndiye mwenye kuinama. Tunapanda mtumbwi wa watu wawili, mimi nashika chombo kisiyumbe, yeye anasema "bado, bado, bado… imekwenda." Daftari letu lina Jumamosi 97.

Sasa rangi. Hili nilichelewa kulijua na ndilo kubwa kuliko yote: maji hayaingii kiza kwa sababu moja tu. Yakiwa ya kahawia ni udongo umeingia, mara nyingi baada ya mvua. Yakiwa ya kijani ni mwani, au sianobakteria ambao watu huwaita mwani ingawa ni bakteria, na hao wamelishwa. Chakula chao kikuu kinachokosekana kwenye maji matamu ni fosforasi. Mwaka 1973 wanasayansi wa Kanada, David Schindler na wenzake, waligawa ziwa dogo la Ontario kwa pazia. Nimeshona mapazia mengi maishani ila hilo ndilo ningependa kuliona. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hayo hayo na kuongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ukageuka kijani kama rangi iliyomwagika, na ng'ambo ya pazia maji yakabaki vilevile. Ipo picha yake iliyopigwa kutoka angani. Niliitazama muda mrefu.

Kijani hicho tumekiona hapa. Mwaka jana, katikati ya joto, baada ya siku kadhaa za utulivu, kona ya gati iliamka ikiwa na utando mzito. Sianobakteria wana vijifuko vya hewa ndani ya seli, wanaelea juu, na upepo mwepesi unawasukuma wote kwenye ukingo mmoja. Nilichovya fimbo. Ukiinua fimbo ikatoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo ni mwani wa kawaida. Ikitoka imepakwa kama umeichovya kwenye kopo la rangi, toka kwenye maji, mtoe mtoto, mtoe mbwa. Mbwa zaidi, maana akitoka hujilamba manyoya, na sumu yake inaweza kumuua siku hiyo hiyo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Siku ile mimi na Mzee tulisimama pale gatini mpaka jioni tukiwarudisha watoto waliokuja kuogelea. Walitukasirikia, na mimi niliwahurumia, kwa sababu hakuna jambo la haki zaidi kuliko mtoto kutaka kuruka ndani ya maji siku ya joto.

Wiki iliyofuata niliufuata mtaro. Unaingia ziwani karibu kabisa na gati, na nilitaka kujua unatoka wapi. Nilipanda nao, nikiupoteza chini ya barabara na kuukuta upande wa pili, mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ukaniingiza kwenye mtaa wangu. Ulipita nyuma ya chumba changu cha kushonea. Pale nyuma nina beseni kubwa ambalo kwalo naloweka vitambaa vipya kwa sabuni kabla ya kukata, vitoe wanga na visinyae kadiri vinavyotaka kusinyaa, ili nguo isije kumbana mteja baada ya kufuliwa. Maji yale nilikuwa nayamwaga mtaroni. Kila juma, kwa miaka yote hiyo. Nilisoma mgongo wa pakiti ya sabuni nikalikuta neno fosfeti. Mtaro wa mvua haupiti mahali popote pa kusafishwa, unakwenda ziwani moja kwa moja, na mimi nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma kwa muda. Kisha nikabadilisha sabuni, na maji ya beseni sasa yanakwenda kwenye sinki linaloingia bomba la maji taka. Nimewaeleza majirani wote wenye beseni kama langu, mmoja mmoja, nikiwa na daftari mkononi. Wengi wamenisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

Seattle, Marekani, ndiko kulikonipa moyo. Miaka ya 1950 miji iliyolizunguka Ziwa Washington ilikuwa inamwaga humo maji taka yaliyosafishwa kiasi, na mwaka 1955 ikaonekana sianobakteria ya aina inayotangulia kuharibika kwa ziwa. Thomas Edmondson wa Chuo Kikuu cha Washington akaeleza wazi kitakachotokea wakiendelea, na kitakachotokea wakiacha. Mwaka 1958 wananchi wakapiga kura kuunda chombo cha kushughulikia maji taka kwa pamoja, na kati ya 1963 na 1968 mabomba yakahamishwa. Mwaka 1964 sahani ya Secchi ilikuwa inapotea pale kabla ya mita 1. Miaka ya 1970 ikafika mita 3 na kupita, na kuanzia 1976, viroboto-maji wanaokula mwani walipoongezeka, maji yakazidi kuangaza. Sahani ni ile ile, kamba ni ile ile. Watu walipiga kura na namba ikashuka chini kwenye kina, mahali pake.

Narudi kwenye 62. Safari hii maji hayakuwa ya kijani, ni kahawia kama chai, na chanzo nimekiona kwa macho. Juu ya mtaro wetu kuna kiwanja kinachochimbwa msingi wa jengo, mteremko mzima umebaki wazi, na mvua ya Jumatano iliukokota. Udongo huo hautui kirahisi. Ukiziba mwanga, mimea ya chini inakufa. Mizizi ndiyo inayoshikilia tope la sakafu, kwa hiyo mimea ikifa, kila upepo unavuruga tope jipya, na mimea mingine haioti kwa kukosa mwanga. Ziwa lenye kina kifupi likishaingia kwenye mzunguko huo ni kazi kubwa kulitoa, hata kama kilichoanzisha kimeshaondolewa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumatatu nilikwenda kumwona msimamizi wa ujenzi. Aliniambia udongo ni udongo, mvua ni kazi ya Mungu. Nikarudi nyumbani. Jumanne nikaenda tena, nimechukua chupa mbili za maji ya ziwa, moja ya Jumamosi ya 118 ambayo binti yangu alikuwa ameihifadhi kwa mradi wake wa shule, na moja ya 62. Nikaziweka juu ya meza yake, kwenye mwanga wa dirisha. Sikusema mengi. Alizitazama, akainua moja, akaitikisa, akaniuliza kama ni kweli watoto wanaogelea pale. Nikamwambia, wa kwangu anaogelea pale.

Jana nilipita. Kuna safu ya magunia ya mchanga chini ya mteremko, na upande mmoja umefunikwa turubai. Upande wa pili bado uko wazi. Mawingu yamejikusanya tangu mchana.

Kesho ni Jumamosi. Nimeikagua kamba yote, alama kwa alama. Uzi wa sentimita 70 ulikuwa umelegea, nimeushona upya kwa mishono ya kurudia.